Bakuli la Richmond: jinsi bunge la Virginia lilivyoamuliwa kwa kijikaratasi

Kina mama wa mtaani kwetu wanapoanza mzunguko mpya wa upatu, hukata karatasi vipande kumi na viwili, wakaandika namba, wakavikunja na kuvitia kwenye bakuli la plastiki. Huitwa mtoto asiyejua kusoma avikoroge, kisha kila mmoja anaokota chake. Aliyepata namba moja anapokea mwezi huohuo. Aliyepata kumi na mbili atasubiri hadi mwaka uzunguke. Hiyo wanaiita kupiga kura, na hawajakosea. Kura tuliyoipata kutoka Kiarabu ni hiyo hasa, kitu kinachookotwa kwa bahati, kabla neno halijahamia kwenye karatasi ya kumchagua diwani na mbunge.

Naanza na bakuli kwa sababu tarehe 4 Januari 2018, mjini Richmond, makao makuu ya Virginia nchini Marekani, kiti cha ubunge kiligawiwa kwa njia ileile ya upatu. Bakuli lilikuwa la kufinyangwa, la buluu na nyeupe, limeazimwa kutoka makumbusho ya sanaa ya hapohapo mjini. Majina mawili yalichapwa kwenye karatasi, kila karatasi ikatiwa ndani ya kikopo cha plastiki cha aina ile tuliyokuwa tukihifadhia filamu za kamera zamani. Mwenyekiti wa Bodi ya Uchaguzi ya Virginia, James Alcorn, alitia mkono, akatoa kikopo kimoja, akakifungua na kusoma: David Yancey.

Shelly Simonds, mpinzani wake, alikuwa ameketi mlemle ukumbini akitazama. Kila mmoja wao alikuwa amepata kura 11,608. Na kwa kuwa jina lililotoka ni la Yancey, chama chake cha Republican kilibaki na viti 51 dhidi ya 49 vya Democratic. Lingetoka la Simonds, ingekuwa 50 kwa 50.

Tukio hilo lilisambaa duniani kama kichekesho, na wengi wakaishia hapo. Mimi naona ni somo zuri kuliko yote ninayoyajua kuhusu namna bunge linavyopatikana kutokana na majimbo yake, kwa sababu kila kinachofichika katika uchaguzi wa kawaida kilionekana pale waziwazi: mstari uliochorwa na nani, mtaa ulioandikwa upande upi, alama ya kalamu iliyosomwaje, na mwishowe nani anapata bima ya afya.

Jimbo lipi sasa?

Tuondoe kwanza utata wa neno. Mtanzania akisema jimbo anamaanisha eneo linalotoa mbunge mmoja: jimbo la Ubungo, jimbo la Kilombero. Lakini redio ikisoma habari za Marekani, jimbo ni Texas au California, yaani kitu kinachokaribia kuwa nchi ndani ya nchi. Ukijaribu kueleza uchaguzi wa bunge la jimbo na majimbo yake, msikilizaji anapotea kabla hujamaliza sentensi. Kwa hiyo Virginia nitaiita jimbo, na vipande vyake nitaviita maeneobunge kama wanavyosema Wakenya.

Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na bunge hilo si baraza la mji lililotukuzwa jina. Ndilo linalotunga sheria nyingi za jinai, linalopanga fedha za shule, linaloamua nani anaingia kwenye bima ya afya ya serikali na masharti ya kupiga kura yawe yapi. Kwa muda mrefu Virginia, bunge ndilo pia lililochora mipaka ya maeneobunge, yakiwemo yale ya wabunge wenyewe. Hilo tulishike, tutalirudia.

Bunge la Virginia lina nyumba mbili. Seneti ina watu 40, wanaokaa miaka minne. Baraza la Wajumbe lina watu 100, kila mmoja kutoka eneobunge lake, na hurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka miwili. Ni kazi ya msimu: mwaka unaogawanyika kwa mbili wanakaa siku 60, mwaka mwingine siku 46, na mshahara wa mjumbe ni dola 17,640 kwa mwaka. Kwa hiyo humo ndani kuna mawakili, walimu na wenye biashara ndogo ambao kikao kikiisha wanarudi kwenye shughuli zao.

Uchaguzi huo hufanyika miaka ya witiri: 2017, 2019, 2021. Uchaguzi wa rais na wa Congress, yaani bunge la taifa zima, huangukia miaka ya shufwa. Matokeo yake ni kwamba Virginia kuna uchaguzi kila Novemba, mwaka hadi mwaka. Shemeji yangu anayeishi kaskazini mwa jimbo hilo aliniambia kwenye simu, "Shemeji, huku watu wanachoka. Rais wanamjua, gavana wanamjua. Mjumbe wa eneobunge muulize mtu kumi, labda mmoja atakutajia." Simlaumu yeyote. Lakini ndipo hatari inapokaa, kwa sababu mtu asiyemjua mjumbe wake hawezi kugundua siku amepewa karatasi ya eneobunge la jirani.

Usiku wa Novemba 7

Kabla ya uchaguzi wa 2017 Warepublican walikuwa na wajumbe 66 na Wademocrat 34. Hakuna aliyetarajia pengo hilo lizibwe kwa usiku mmoja. Ila kulikuwa na dalili: mwaka uliotangulia, katika uchaguzi wa rais, Hillary Clinton alikuwa amemshinda Donald Trump kwenye maeneobunge 17 yaliyokuwa yakishikiliwa na Warepublican. Yaani wapiga kura walewale walikuwa na mjumbe wa chama kimoja na moyo upande mwingine.

Tarehe 7 Novemba 2017 viti 15 vilibadilisha mikono. Katika eneobunge la 13, Danica Roem, mwandishi wa habari na mwanamke aliyebadili jinsia, alimwangusha Bob Marshall aliyekaa barazani tangu mapema miaka ya tisini. Kampeni yake kubwa ilikuwa foleni ya magari kwenye Barabara ya 28. Elizabeth Guzman na Hala Ayala wakawa wanawake wa kwanza wenye asili ya Amerika ya Kilatini kuingia barazani. Chris Hurst, mtangazaji wa televisheni ambaye mpenzi wake, mwandishi Alison Parker, alipigwa risasi akiwa hewani mwaka 2015, alishinda eneobunge la 12 kusini-magharibi. Simulizi hizi zilijaza magazeti. Kimyakimya, katika maeneobunge machache ambayo hesabu ilikuwa imekaribiana mno, mawakili walikuwa wameshaanza kufungua mafaili.

Ukijumlisha kura zote za wajumbe Virginia nzima, Wademocrat walipata zaidi ya nusu, wakipita Warepublican kwa pengo ambalo kwenye uchaguzi wa gavana lingeitwa ushindi mkubwa. Wakaishia na viti 49. Takwimu hii isisomwe kwa pupa: maeneobunge 60 tu kati ya 100 ndiyo yaliyokuwa na wagombea wa vyama vyote viwili, na pasipo na mpinzani kura za upande mmoja huvimba. Hata hivyo bado kuna jambo la kueleza, nalo linaelezwa vizuri zaidi kwa hesabu ya darasani.

Chukua wapiga kura 500, maeneobunge matano, mia mia. Chama cha kwanza kina kura 260, cha pili 240. Sasa gawa hivi: katika eneobunge la kwanza, cha kwanza kinapata 90, la pili, 80, na katika yale matatu yaliyobaki, 30, 30 na 30. Jumla ni 260. Kimeshinda kura na kimepata viti viwili. Cha pili, chenye kura chache, kimebeba vitatu kwa 70 kwa 30. Hakuna kura iliyoibwa, hakuna sanduku lililojazwa usiku. Watu wa chama cha kwanza wamerundikwa tu mahali pamoja, na kura zao arobaini au thelathini za ziada hazikununua kitu.

Mrundiko huo unaweza kuja wenyewe. Watu wa mjini hupiga kura kama watu wa mjini, na mji ni mahali pa kubanana. Lakini pia unaweza kuchorwa kwa makusudi na mtu mwenye ramani na daftari la wapiga kura, na njia zake ni mbili. Ama unawarundika wapinzani wako katika maeneobunge machache washinde kwa kishindo kisicho na faida, ama unawatawanya vipandevipande katika maeneobunge mengi wasifike nusu popote. Mchoraji hodari hutumia zote mbili kwenye ramani moja.

Ramani ya 2011

Sensa ya 2010 ilihesabu Virginia watu milioni 8 na kidogo. Gawa kwa 100, kila mjumbe anawakilisha watu wapatao 80,000. Kila baada ya sensa ramani huchorwa upya ili idadi zilingane, na mwaka 2011 baraza lililokuwa chini ya Warepublican ndilo lililochora yake.

Katika maeneobunge 12 wachoraji walijiwekea kipimo: watu weusi wenye umri wa kupiga kura wasipungue asilimia 55. Walisema ni kwa ajili ya kutii sheria ya shirikisho inayolinda haki ya watu weusi kuchagua wanayemtaka. Walioshitaki, wapiga kura wa maeneo hayo, walisema kipimo kimoja kwa maeneo 12 tofauti ni kuwarundika watu kwa rangi yao, kwa sababu kila mtu mweusi aliyevutwa ndani ya mstari mmoja aliondolewa katika eneobunge la jirani ambako kura yake ingeweza kuamua. Kesi hiyo inaitwa Bethune-Hill. Ilipanda Mahakama Kuu ya Marekani, ikashuka, ikapanda tena. Juni 2018 majaji walisema maeneobunge 11 yamechorwa kinyume cha katiba. Juni 2019 Mahakama Kuu, kwa kura 5 kwa 4, ilisema baraza peke yake halina hadhi ya kukata rufaa, na hukumu ikabaki.

Siwezi kuupita mji wa Newport News, walikogombea Yancey na Simonds, bila kutaja jambo moja la kale. Bunge la Virginia linajivunia kikao chake cha kwanza, Julai 1619, huko Jamestown. Mwezi uliofuata, kwenye ncha ya pwani karibu na ulipo Newport News leo, iliteremsha meli Waafrika ishirini na kitu waliotekwa kutoka upande wa Angola, watu wenye lugha za Kibantu ambazo ukizisikiliza vizuri utashika neno hapa na pale. Baraza na utumwa vilifika pwani ile mwaka mmoja. Miaka 400 baadaye bado mahakama inauliza mstari wa eneobunge umepita wapi kwenye mitaa ya wajukuu wao.

Eneobunge la 94, la Yancey na Simonds, liko katika mji huo, mji wa kiwanda kikubwa kinachojenga manowari za nyuklia zinazobeba ndege. Yancey alikuwa na kiti hicho tangu 2012. Simonds alikuwa mwalimu na mjumbe wa bodi ya shule. Usiku ule wa Novemba Yancey aliongoza kwa kura 10.

Mtaa ulioandikwa upande mwingine

Kabla ya kufika kwenye kura ya Newport News, pita Fredericksburg, eneobunge la 28, kwa sababu huko kulitokea jambo lililonikera kuliko bakuli. Mrepublican Robert Thomas alimshinda Joshua Cole kwa kura 82. Zilipohesabiwa upya zikawa 73. Lakini ilibainika kwamba wapiga kura 147 walipewa karatasi isiyo yao. Wengine walikuwa wakazi wa eneobunge la 28 wakapigia la jirani, wengine wakazi wa jirani wakapigia la 28. Mia moja arobaini na saba kwenye uchaguzi wa kura 73.

Hili linatokeaje? Mchoraji anachora mstari katikati ya mtaa. Afisa wa daftari anakaa na orodha ya anwani, anaingiza mtaa mmojammoja: nyumba za upande huu kwenda eneobunge hili, za upande ule kwenda lile. Barabara inapinda, namba zinarukaruka, na kidole kinabonyeza pasipo. Mpiga kura anafika kituoni, jina lake lipo, kitambulisho kinakubalika, anapewa karatasi na anaipiga. Hakuna kengele inayolia. Mahakama ya shirikisho iliombwa izuie Thomas asiapishwe, ikakataa, naye akaapishwa.

Na Newport News? Uchunguzi wa gazeti la Washington Post uliochapishwa miezi kadhaa baadaye, mwaka 2018, ulionyesha kwamba wapiga kura 26 wa eneobunge la 94 walikuwa wameandikwa kimakosa katika eneobunge la 93 na kupiga kura huko, katika kituo chenye watu weusi wengi. Ishirini na sita, kwenye uchaguzi ulioisha kwa sare. Hakuna awezaye kusema wangempigia nani, kwa kuwa kura ni siri. Lakini sare ile haikuwa mapenzi ya Mungu wala ya wapiga kura. Ilikuwa sare ya daftari lenye makosa, na hao 26 walirudi nyumbani siku ile wakiamini wametimiza wajibu wao.

Kiduara na mstari mmoja

Sheria ya Virginia inamruhusu aliyeshindwa kwa tofauti ndogo kuomba kura zihesabiwe upya, na ikiwa pengo ni chini ya nusu asilimia gharama hailipi yeye. Kazi inasimamiwa na majaji watatu. Tarehe 19 Desemba waliketi mawakala wa pande zote, wakahesabu, na ilipofika jioni Simonds alikuwa na 11,608, Yancey 11,607. Kura moja. Magazeti yakachapa: baraza limegawanyika sawa. Wafuasi wa Simonds wakashangilia.

Kulipokucha mmoja wa wahesabuji wa upande wa Republican akaleta barua. Alisema kuna karatasi moja iliyowekwa pembeni ambayo, akiifikiria tena, ilipaswa kuhesabiwa.

Karatasi hiyo tuitazame kwa ukaribu, kwa sababu imechapishwa na yeyote anaweza kuiona. Mpiga kura wa Virginia hujaza kiduara kwa wino mbele ya jina la anayemtaka. Huyu alijaza kiduara cha Simonds, na pia alijaza cha Yancey kilicho jirani. Kisha juu ya kiduara cha Simonds akavuta mstari mmoja wa mshazari. Kwenye nafasi ya gavana, kiduara cha Mrepublican Ed Gillespie kimejazwa, nacho kikawekewa alama ya mkasi. Nafasi nyingine zilizobaki alichagua Warepublican bila alama yoyote ya ziada.

Kwetu, karatasi yenye alama mbele ya wagombea wawili kwa kawaida inakwenda kwenye rundo la kura zilizoharibika, na mjadala umekwisha. Virginia wana mwongozo wenye mifano ya picha kwa ajili ya kazi ya kuhesabu upya, unaowaelekeza wahesabuji watafute kusudio la mpiga kura likiwa wazi. Upande wa Yancey ukasema: mstari ule ni wa kufuta, alikosea akasahihisha, na kote kwingine ni Mrepublican. Upande wa Simonds ukasema: kwa Gillespie naye aliweka alama juu ya kiduara na hamsemi alimfuta, kwa hiyo alama za mtu huyu hazina maana moja; na karatasi hii ilishakubaliwa jana na pande zote kuwa si halali.

Majaji walimpa Yancey. Ikawa 11,608 kwa 11,608.

Nimeiangalia picha ya karatasi hiyo mara nyingi. Naona hoja ya kusudio ina uzito. Mtu hafuti asichotaka kufuta. Lakini naona pia kwamba siku ilishafungwa, wahesabuji walishatia saini, na mlango ukafunguliwa kwa barua ya upande mmoja baada ya matokeo kujulikana. Ukiruhusu kuangalia tena karatasi moja ukiwa tayari unajua ni kura ngapi zinahitajika, umeacha kuhesabu na umeanza kutafuta.

Simonds aliomba majaji wafikirie upya, wakakataa. Bahati nasibu iliyokuwa ipangwe Desemba 27 ikasogezwa hadi Januari 4. Sheria ya Virginia inasema wagombea wakilingana bodi ya uchaguzi itaamua kwa kura, yaani kura ile ya kina mama wa upatu. Bakuli likaletwa.

Kiti cha hamsini na moja

Kwa nini kiti kimoja kati ya mia kiwe na uzito wote huo? Katika Seneti ya Virginia kura zikilingana, naibu gavana anaamua. Barazani hakuna mtu wa namna hiyo. Kwa 50 kwa 50 hakuna chama kinachoweza kumchagua Spika peke yake. Lazima wakae mezani wagawane uongozi na kamati. Kwa 51 kwa 49, aliye na 51 anachukua Spika, Spika anateua wajumbe wa kamati, na kamati ndiyo makaburi ya miswada. Mswada mwingi haufi kwa kupigiwa kura na watu mia. Unafia chumbani, asubuhi, mbele ya watu sita au wanane wa kamati ndogo. Kikao kilipofunguliwa Januari 10, Kirk Cox wa Republican akawa Spika.

Mfano wake ulionekana Februari 2019. Kamati ndogo ilikuwa imeua pendekezo la kuridhia kifungu cha haki sawa kwa wanawake katika katiba ya Marekani. Wademocrat wakajaribu kubadili kanuni ili jambo lifike barazani lipigiwe kura na wote. Matokeo: 50 kwa 50. Hoja ikaanguka, kwa kuwa sare ndani ya baraza maana yake ni hapana. Mrepublican pekee aliyevuka upande wa pili alikuwa David Yancey, yule wa kikopo.

Suala la bima ya afya lilikwenda tofauti. Kwa miaka minne gavana Mdemocrat alikuwa akiomba Virginia ipanue Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, kama sheria ya shirikisho ya 2010 ilivyoruhusu. Baraza lilikuwa likimkatalia. Wakati huo mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hakuwa na nafasi kwenye bima hiyo hata awe fukara namna gani. Mwezi Mei 2018, chini ya Spika Cox huyohuyo, baraza likapitisha kwa 67 kwa 31, Seneti kwa 23 kwa 17. Kuanzia Januari 2019 watu wapatao 400,000 wakafunguliwa mlango.

Bakuli lilikuwa limewapa Warepublican wingi, na bado kundi lao likapiga kura ya ndiyo. Kilichowasukuma ni vile viti 15. Mjumbe aliyemwona jirani yake wa kiti akiangushwa nyumbani alisoma ramani ya eneobunge lake upya. Gharama nayo ilikuwepo: Robert Thomas, yule wa kura 73, aliunga mkono bima, na mwaka 2019 akaangushwa na chama chake mwenyewe kwenye mchujo.

Mistari inaendelea kusogea

Uchaguzi wa 2019 ulifanyika kwenye ramani iliyosahihishwa kwa amri ya mahakama. Simonds na Yancey wakakutana tena kwenye eneobunge la 94 ambalo mipaka yake ilikuwa imebadilika, na safari hii hapakuhitajika bakuli: Simonds alishinda kwa tofauti kubwa. Joshua Cole naye akachukua la 28. Wademocrat wakapata viti 55, na Eileen Filler-Corn akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika katika baraza lenye miaka 400.

Mwaka 2020 wapiga kura waliidhinisha mabadiliko ya katiba ya Virginia yaliyoondoa kalamu mikononi mwa wajumbe peke yao na kuipa tume ya watu 16, nusu wabunge, nusu wananchi. Mimi nilifurahi nilipoyasoma hayo. Lakini tume ilipokaa mwaka 2021 iligawanyika nusu kwa nusu, ikashindwa kutoa hata ramani moja. Kazi ikaenda kwa Mahakama ya Juu ya Virginia, ikateua wataalamu wawili, mmoja aliyependekezwa na kila upande, nao wakachora. Hawakujali mjumbe anaishi wapi, kwa hiyo wajumbe wengi waliamka wakajikuta katika eneobunge moja na mwenzao. Namba zenyewe zikahama. Namba 94 sasa iko Norfolk, ng'ambo ya maji, na Simonds anawakilisha watu wake wa Newport News kwa namba 70.

Kwenye ramani hiyo mpya, uchaguzi wa Novemba 2023 uliwapa Wademocrat viti 51 na Warepublican 49. Eneobunge la 82, upande wa Petersburg, lilihesabiwa upya, na Mrepublican akalibakiza kwa kura 53.